Barua Iliyofika Kabla ya Kuandikwa

Mimi ni Anselmi, Karani wa Muhuri wa nchi huru ya Grimbelau, na ninaandika haya ili wajukuu wetu wajue jinsi tulivyoulinda uhuru wetu. Wapo watu wa nchi jirani wanaosema kwamba tulifanya ujinga. Huo ni wivu tu. Nitaeleza mambo kama yalivyotokea, nawe msomaji utajionea mwenyewe busara iliyotumika.

Grimbelau ilikuwa nchi kubwa kwa kadiri yake. Ukitoka kasrini asubuhi ukaelekea mashariki bila haraka, uji uliokunywa ungali moto tumboni, unakuta kigingi cha mpaka chenye nembo ya nchi jirani, Wolkenstadi. Ukielekea magharibi unakuta mto, na mto wenyewe haukuwa wetu. Tulikuwa watu mia mbili na kumi na mmoja, vijiji viwili, kinu kimoja, kanisa moja, na kasri lenye vyumba arobaini, vinne kati yake vikiwa havivuji. Juu ya hayo yote alikaa Mheshimiwa Baroni Otmari wa Nne, Bwana wa Grimbelau, Mlinzi wa Mto kwa Upande wa Nchi Kavu, Mrithi wa Haki za Kale. Majina hayo niliyasoma yote kila alipoingia chumba cha chakula, hata siku alizokula peke yake, na supu yake ikawa inapoa.

Alikuwa bwana mwema. Nasema hivyo ingawa sasa hakuna anayenilipa niseme. Alikuwa mwembamba, umri wa miaka hamsini na miwili, na nywele zake za bandia zilikuwa zimeliwa na panya upande wa kushoto, kwa hiyo wageni wote walipokelewa kwa upande wa kulia. Kuku akichinjwa jikoni, yeye alikwenda kusimama mwisho wa bustani na kuziba masikio. Na kila Jumapili baada ya ibada alicheza drafti na Mzee Melkiori, mkamata wa taifa wa fuko wachimbao mashamba, ambaye alimfunga kila mara. Matokeo yalikuwa siri ya serikali.

Lakini nchi haiwi nchi kwa sababu ya wema wa bwana wake. Chini ya sheria za Dola, ile Dola yetu yenye nchi ndogondogo zaidi ya mia tatu na Kaizari mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumwona, mwenye nchi ni yule mwenye haki ya kunyonga watu wake. Unaweza kuwa na bendera, baragumu na askari wawili wenye kofia. Usipokuwa na mti wa kunyongea, wewe ni mwenye shamba tu. Mti wetu ulikuwa juu ya kilima, nguzo mbili na boriti moja, umetazama mpaka wa Wolkenstadi, ili wale wa kule wauone wakiamka.

Tulikuwa pia na kalenda yetu. Zamani kidogo, watu wa mbali walikaa wakatunga kalenda mpya, wakaitupa nje siku kumi nzima kana kwamba ni maganda ya viazi. Hatukushirikishwa. Nchi zote zilizotuzunguka ziliifuata kama kondoo, lakini Baroni Otmari wa Pili alisema kwamba hakuna mgeni atakayemwambia mtu wa Grimbelau leo ni lini. Kwa hiyo sisi tulibaki na siku zetu kumi. Wolkenstadi wakisherehekea Krismasi, sisi tulikuwa bado tunanenepesha bata, tukisimama kwenye kigingi na kuwacheka.

*

Siku ya tarehe tisa Mei ililetwa barua kutoka Mahakama Kuu ya Dola. Nilivunja lakiri mbele ya Baroni na Baraza lake. Baraza lilikuwa na Waziri Mkuu, Dakta Sigfridi, ambaye pia aling'oa meno, na Mchungaji Theobaldi, ambaye alisinzia.

Nilianza na tarehe, kama inavyotakiwa. Barua ilikuwa imeandikwa tarehe kumi na mbili Mei.

"Na leo ni?" aliuliza Baroni.

"Tarehe tisa, Bwana Mkubwa."

Tukatazamana. Kisha Waziri Mkuu akapiga meza kwa furaha. "Imefika siku tatu kabla ya kuandikwa! Huyu ndiye tarishi! Wolkenstadi wanaye tarishi wa namna hii?"

Tarishi aliitwa, akapewa soseji na cheti cha utumishi uliotukuka. Cheti niliandika mimi mwenyewe kwa mwandiko wangu mzuri. Yeye alishangaa kidogo, akala soseji, akaondoka. Naomba msomaji akikumbuke cheti hicho, maana mimi nakikumbuka kila siku.

Kisha nikasoma barua. Mahakama ilisema imepokea malalamiko kutoka kwa Mtukufu Mtawala wa Wolkenstadi, kwamba haki ya kunyonga ya Grimbelau haijatumika kwa karibu miaka thelathini. Haki isiyotumika miaka thelathini hufa yenyewe. Mtu wa mwisho kunyongwa kwetu alikuwa mwizi wa farasi, enzi za baba yake Baroni. Kwa hiyo, haki hiyo isipotumika ipasavyo kabla ya tarehe ishirini na nne Agosti, Grimbelau na watu wake itaunganishwa na Wolkenstadi. Mkaguzi atakuja kuthibitisha.

Hakuna aliyecheka tena. Mtawala wa Wolkenstadi alikuwa na biashara moja iliyomtajirisha: aliwakodisha vijana wa nchi yake kwa wafalme wa ng'ambo waliokuwa na vita na hawakutaka kufa wao. Vijana walipandishwa meli. Waliorudi walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wengine kati yao hawakuwa na mikono hiyo. Sisi tulikuwa na vijana ishirini na watatu wa umri huo.

"Kwa hiyo," alisema Baroni, "tumnyonge mtu mmoja, ama wachukuliwe ishirini na watatu."

"Ndivyo ilivyo, Bwana Mkubwa."

"Nani ana kosa?"

Nilifungua daftari la makosa. Kosa la mwisho lilikuwa la mwanamke aliyemwita mwenzake mdomo wa koleo, miaka sita nyuma. Walikwisha kupatana.

Dakta Sigfridi alisimama. "Huu ni uzembe," alisema. "Nchi imekaa miaka thelathini bila uhalifu, na hakuna idara iliyochukua hatua!"

*

Mkakati wa Taifa wa Kuinua Uhalifu ulizinduliwa wiki hiyohiyo kwa baragumu. Waziri Mkuu alihutubia mbele ya kanisa. Aliwataka wananchi kila mmoja kwa nafasi yake ajiulize ameifanyia nini nchi. Alisema nchi zilizoendelea zote zina wezi. Watu walipiga makofi wakarudi mashambani.

Kijiko cha fedha cha mama yake Baroni kiliwekwa juu ya ukuta wa njia kuu ili kishawishi. Kilirudishwa kasrini mara kumi na moja. Mara ya saba kilikuwa kimesuguliwa. Bata bukini mnono wa Baroni aliachwa azurure bila mchungaji, akafuatana na watu kijijini, akalishwa, akarudi amenenepa zaidi. Mlango wa ghala la kasri uliachwa wazi usiku na mchana, mpaka seremala mmoja akaja kuurekebisha bure akidhani bawaba zimekufa.

Ilibidi tutafute mhalifu kutoka nje. Tulimwandikia Mama Mkuu wa monasteri iliyokuwa ng'ambo ya mto, naye alikuwa na nchi yake na mti wake. Alijibu kwa upole kwamba anaye mwizi mmoja tu, anamtunza vizuri kwa sababu haki yake mwenyewe inaisha mwakani. Alitutakia baraka.

Wakati huo mti nao ulikuwa unaoza. Hapa inabidi nieleze desturi. Kwetu, mtu akigusa mti wa kunyongea amepoteza heshima yake. Hatakunywa na wenzake, fundi hatampokea mwanawe, binti yake haolewi. Kwa hiyo mti ukihitaji kutengenezwa, nchi nzima huugusa kwa pamoja, ili asiwepo hata mmoja aliyebaki safi wa kuwasema wengine. Basi tulipanda kilima sote mia mbili na kumi na mmoja. Vichanga viligusishwa vidole. Mama yake Baroni, ambaye hakuwa ametoka kitandani tangu mavuno ya mwaka uliotangulia, alibebwa na godoro lake. Waziri Mkuu akahutubia tena, mkono wake ukiwa juu ya nguzo.

"Ndugu wananchi! Wengine wana dhahabu. Wengine wana bandari. Sisi tuna mti! Mti huu ndio unaotufanya tuitwe watu. Siku mtakayouona umesimama bila mtu, jueni ni siku ya aibu. Siku mtakayomwona mwenzenu juu yake, jueni mko huru!"

Tulishangilia sana. Nilishangilia hata mimi, na nina digrii.

*

Katikati ya Julai, Mzee Melkiori alikuja ofisini kwangu akiwa na kofia mkononi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mgongo umepinda kwa kuinamia mashimo ya fuko, kucha nyeusi za udongo. Aliomba kumwona Bwana Mkubwa, na ilikuwa Jumanne, siku ambayo hapakuwa na drafti. Nilimwingiza, nikabaki mlangoni kuandika kumbukumbu.

"Bwana Mkubwa, nimekuja kukiri. Nimemwiba bata bukini."

"Bata bukini yuko uani, Mzee Melkiori. Nimemwona sasa hivi."

"Basi nitamwiba leo jioni, ukinipa ruhusa."

Baroni aliinuka, akakaa tena. "Kaa chini, mzee. Sitaki kusikia."

"Utasikia tu. Mimi nimeishi. Mke wangu ameshatangulia. Fuko nimewakamata, na watakuja wengine nikiwepo na nisipokuwepo. Lakini mjukuu wangu Gereoni ana miaka kumi na tisa, na yumo katika hao ishirini na watatu. Mama yake hana mwingine." Akaikunjakunja kofia. "Nimepiga hesabu kama tunavyofanya kwenye drafti. Unatoa kete moja, unaokoa zilizobaki. Wewe siku zote unashindwa kutoa kete, ndiyo maana nakufunga."

Baroni alilia. Sikuiandika sehemu hiyo kwenye kumbukumbu, naiandika sasa.

"Sharti langu ni moja," alisema mzee. "Uniapie kwamba hakuna hata mmoja atakayechukuliwa."

"Naapa kwa mti wa Grimbelau."

"Mti uache. Niapie kama mtu niliyecheza naye miaka ishirini."

Baroni akamshika mkono, ule wenye udongo, akaapa.

Siku ile jioni Mzee Melkiori alimwiba bata bukini mbele ya mashahidi sita walioteuliwa. Haikuwa kazi ngumu, kwani bata alimfuata mwenyewe.

*

Kesi ilikuwa ya haki kabisa. Baroni alikuwa hakimu, Dakta Sigfridi mwendesha mashtaka, na mimi nilipewa kazi ya kumtetea mshtakiwa kwa vile alasiri sikuwa na shughuli. Kabla hatujaanza, mzee alinivuta pembeni.

"Anselmi, nakuomba, usije ukashinda."

Nilimwahidi, nami nilitimiza. Bata bukini aliletwa kama kielelezo, akajikalia juu ya miguu ya mshtakiwa na kukataa kuondoka. Waziri Mkuu alisema kwa muda wa saa mbili, akitaja sheria za watu waliokwisha kufa, na mwishoni aliliita tukio hilo doa la kudumu katika historia ya ufugaji wa bata.

Hapo Gereoni alisimama nyuma ya ukumbi, kijana mrefu mwenye mikono ya kazi. "Bata nimemwiba mimi! Babu anasingizia! Ninyongeni mimi!"

"Bata ni mmoja," alijibu Waziri Mkuu, "na mwizi wake tayari yupo. Ukitaka nawe, iba kitu kingine, usubiri zamu yako."

"Kaa, Gereoni," alisema mzee. "Kaa, baba." Kijana akakaa, akafunika uso.

Mama yake, Walburga, binti pekee wa Melkiori, alinisubiri nje. "Mjomba karani," aliniambia, "wewe umesoma. Niambie hivi hakuna njia nyingine, na kama unanidanganya Mungu anakuona."

"Hakuna, mwanangu. Nimesoma barua mara nyingi."

Na ni kweli nilikuwa nimeisoma mara nyingi.

Hukumu ilikuwa kifo. Ikabaki kupanga siku. Nilipendekeza tarehe mosi Agosti, kwa sababu mimi sipendi kazi ya dakika za mwisho. Nilikwisha kuchora na jedwali. Lakini Baroni aliikataa. Nyuma ya nyumba ya Mzee Melkiori kulikuwa na mti wa plamu alioupanda mkewe, na kila mwaka alikuwa akimletea Baroni kapu la kwanza.

"Ataziona plamu zake zikiiva," alisema Baroni. "Tuna mpaka ishirini na nne. Sitampunguzia mtu huyu hata siku moja ninayoweza kumpa. Andika tarehe ishirini na mbili."

Nikaandika. Katika maisha yake yote ya utawala, hiyo ndiyo amri pekee ambayo Baroni aliitoa bila kuuliza Baraza, na sote tulimpenda kwa ajili yake.

*

Siku zile za nyongeza zilikuwa nzuri. Mzee Melkiori alimaliza fuko wote wa malisho ya mjane wa msaga nafaka. Alimfundisha Gereoni kutega. Jumapili alicheza drafti na Baroni, na Jumapili ya mwisho Baroni alitoa kete kwa mara ya kwanza, akashinda, akaenda kutapika bustanini.

Tarehe ishirini na mbili Agosti asubuhi tulipanda tena kilima. Hatukuwa na mnyongaji, maana nani angekubali? Kwa hiyo ilitumika desturi ileile ya mti. Kamba ndefu ilinunuliwa, na kila mtu wa Grimbelau alitakiwa aishike, ili asibaki msafi hata mmoja.

Walburga alikataa. Alisimama kando, mikono ameificha ndani ya aproni. Watu walianza kunung'unika, si kwa ubaya, bali kwa hofu. Akibaki yeye safi, sisi wengine wote ni wauaji. Mzee alimwita kutoka pale juu ya ngazi.

"Walburga. Shika, mwanangu. Utaishi na hawa watu baada yangu."

Akaja, akashika. Gereoni alikuwa amesimama nyuma yake. Nami nilikuwa nyuma ya Gereoni, nikiutazama mgongo wake.

Mzee alikuwa na plamu mkononi. Akaiuma, akatafuna taratibu, akatema kokwa. "Bado kidogo," alisema. "Zilitaka wiki moja zaidi."

Kisha Mchungaji Theobaldi alisoma, Dakta Sigfridi akainua kitambaa, na sisi tukavuta. Ilikuwa nyepesi. Nilidhani kitu kama hicho kingekuwa kizito, lakini mkigawana watu mia mbili na kumi, kwa kweli mtu hahisi chochote. Nimelifikiria sana jambo hilo baadaye.

*

Mkaguzi wa Dola alifika tarehe ishirini na nne saa nne asubuhi, siku hasa tuliyomtarajia. Tulimsifu kwa kushika wakati. Alikuja na farasi mweusi na maofisa wanane wa Wolkenstadi waliobaki wamesimama langoni, jambo ambalo tulilichukua kuwa ni heshima. Nilisoma majina yote ya Baroni. Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho, akaomba apelekwe kilimani.

Alitazama juu kwa muda. Alitazama pia viatu vya marehemu.

"Huyu amenyongwa vizuri," alisema. Dakta Sigfridi aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Lini?"

"Tarehe ishirini na mbili Agosti," nilijibu, nikamkabidhi hati yenye muhuri.

Mkaguzi aliisoma, akakunja uso, akatoa kijitabu mfukoni. "Karani, leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne Agosti, Mheshimiwa."

"Leo ni tarehe tatu Septemba."

Nilicheka kidogo, kwa adabu. "Kwa kalenda ya wenzetu, ndiyo. Lakini hapa Grimbelau..."

"Barua ilitoka Mahakama ya Dola," alisema. "Dola ina kalenda moja. Huyu mtu amenyongwa tarehe mosi Septemba. Mmechelewa siku nane."

Nilimwona tena akilini tarishi akila soseji yake. Tarehe kumi na mbili Mei, imepokelewa tarehe tisa Mei. Barua ile ilikuwa imenieleza kila kitu katika mstari wake wa kwanza, nami nikaiandikia cheti. Kisha nikapiga hesabu nyingine, ambayo heri nisingeipiga: tarehe mosi Agosti, ile siku niliyoipendekeza mimi, kwa kalenda yao ilikuwa tarehe kumi na moja. Tungewahi, na siku zingebaki.

Baroni alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko nywele zake za bandia. "Lakini mtu amekufa," alisema. "Mheshimiwa, mtu huyu amekufa kwa ajili hiyo."

"Hilo halina ubishi," alisema Mkaguzi. "Nitaandika kwamba amekufa."

Alikuwa mtu wa haki, sina la kumlaumu. Alitueleza kwa utaratibu, pale pale chini ya mti. Haki ya kunyonga ya Grimbelau ilikufa tarehe ishirini na nne Agosti. Aliyenyonga baada ya hapo alinyonga bila haki, na kunyonga bila haki ni mauaji. Akauliza kamba ilivutwa na nani.

Dakta Sigfridi alinitazama, nami nikatoa orodha. Ilikuwa na majina mia mbili na kumi, kwa herufi, kwa mwandiko wangu mzuri.

"Kwa bahati," aliendelea Mkaguzi, "Mtukufu Mtawala wa Wolkenstadi, ambaye sasa ndiye Bwana wenu, ni mwenye huruma. Amekwisha kutoa msamaha kwa wanawake, wazee na watoto wote. Vijana wenye nguvu watatumikia adhabu yao jeshini."

Maofisa wanane walikuwa na orodha yao tayari. Ilikuwa na majina ishirini na matatu.

*

Waliondoka siku ileile, kabla ya chakula cha mchana. Gereoni alipita chini ya kilima bila kuinua macho. Baroni aliwafuata mpaka kwenye kigingi, akiwaomba maofisa wamchukue yeye, akisema anajua kupanda farasi. Walimwambia amezidi umri. Alivua nywele zake za bandia akazitupa barabarani, nami nikaziokota kwa kuwa zilikuwa mali ya serikali, sikujua tena ya serikali ipi.

Wolkenstadi hawakututesa. Baroni aliachiwa vyumba viwili vya kasri, kimoja kinavuja, na kazi ya kufungua lango. Majina yake hayasomwi tena. Sasa supu inamfikia ikiwa moto, na hainywi. Jumapili hupanga kete za drafti pande zote mbili, akakaa akizitazama mpaka giza. Dakta Sigfridi ni mshauri wa Mtawala kuhusu mambo ya Grimbelau. Mama Mkuu wa monasteri, nasikia, alimnyonga mwizi wake kwa wakati. Mimi nimebaki karani, kwa sababu kila serikali inahitaji mwandiko mzuri.

Wakati wa masika uliofuata ililetwa karatasi kutoka bandarini yenye majina tisa ya waliokufa kwa homa melini, hata vita hawakuiona. Niliyasoma kwa sauti mbele ya kanisa, maana ndiyo kazi yangu. Jina la Gereoni lilikuwa la sita. Sikujua nitulie wapi baada ya jina la tano, kwa hiyo nilisoma haraka.

Mwezi Agosti Mtawala aliamuru tuache kalenda yetu. Tulilala tarehe kumi na saba, tukaamka tarehe ishirini na nane. Watu walilipokea vizuri. Hakukuwa na mtu aliyebaki na nguvu ya kumcheka yeyote pale kwenye kigingi.

Siku chache baadaye Walburga aliingia ofisini kwangu amebeba mtungi mdogo. Hakunisalimu. Aliumimina juu ya meza yangu, yakamwagika maharage makavu kati ya karatasi.

"Nimetia moja kila siku tangu tumvute baba," alisema. "Yako mia tatu na sitini na tano. Leo ni siku yake. Mwambie Mchungaji anisomee ibada, yeye anasema hasomi bila karani kuandika tarehe."

Nilifungua kalenda mpya. Nilitafuta tarehe ishirini na mbili Agosti, ingawa nilijua. Baada ya kumi na saba ilikuja ishirini na nane.

"Leo ni tarehe mosi Septemba," nilimwambia. "Siku ya baba yako mwaka huu haikuwepo, mwanangu. Imo katika zile zilizoondolewa. Mwakani itakuwepo."

Nilifikiri atanipiga, na ningefurahi.

"Usiniite mwanangu," alisema. "Basi, karani, mimi nakwenda."

Alikusanya maharage yake yote moja moja, akayarudisha mtungini, akatoka. Dirishani nilimwona akielekea kilimani peke yake. Alipofika langoni mwa kasri Baroni alimfungulia, akaacha lango wazi, akamfuata nyuma kwa mbali, kichwa wazi.

Mimi nilibaki ofisini, maana zilikuwa saa za kazi.